Somo la Sanaa linaonea watoto kuliko Hisabati. Walimu wa msingi wenye darasa mchanganyiko, mnafanyaje?

#1 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, salaam. Nafundisha Darasa la Tatu, shule ya msingi ya serikali, mkoa wa Dodoma. Mtaala mpya ulipoingia 2024 nikakabidhiwa Sanaa na Michezo. Kikao kizima kiliangalia dari, mimi nikachelewa kuangalia dari.

Dai langu ni hili, mnipinge mkitaka. Kwenye Hisabati mtoto akikosa, amekosa na daftari lake. Kwenye Sanaa anakosa hadharani. Mwalimu anachora chungu ubaoni, "haya, choreni kama hiki". Aliyekaribia anapata 8, aliyekwenda mbali kazi yake inazungushwa darasani ichekwe. Nilisomeshwa hivyo na nimekuta bado tunasomesha hivyo.

Sasa darasa langu. Yupo msichana mwenye ualbino, uoni hafifu, karatasi anaishika puani. Yupo mvulana asiyesikia. Yupo mwenye mtindio wa ubongo, mkono wa kulia umekaza. Mmoja tunahisi ana usonji, hajapimwa, ukimpa udongo anakimbilia mlangoni. Na kuna kijana mmoja majani ya mti anayapaka kahawia kila wiki, hata umkemee vipi. Pamoja nao wengine zaidi ya 80, na boksi la krayoni ni moja.

Naomba mbinu. Pole nimeshapewa za kutosha.

#2 Kaka Mkuu Mstaafu
Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wataalamu.

#3 Choki Nyeupe
Mwalimu hili lina jibu lake na chuoni tulifundishwa. Wanafunzi wako aina tatu: wa macho, wa masikio na wa mikono. Ni nadharia ya mwanasaikolojia Howard Gardner. Wape zoezi dogo ujue nani yuko wapi, kisha gawa makundi. Wa macho waonyeshe picha, wa masikio waelezee, wa mikono wape udongo. Sanaa inakuwa rahisi.

#4 Fundi Bango
Mimi nachora mabango ya vinyozi na saluni, nalipia ada za watoto kwa brashi. Shuleni nilikuwa napata 3 kati ya 10. Mwalimu alitaka chungu, mimi nikamchorea basi la mkoani na kondakta akining'inia mlangoni. Kwa hiyo mleta mada, endelea, nipo.

#5 Msomaji Mkimya
Choki Nyeupe, umechanganya mambo mawili. Gardner mwaka 1983 alizungumzia akili za namna nyingi: ya lugha, ya muziki, ya mwili, ya nafasi na kadhalika. Hiyo ya macho, masikio na mikono imetoka kwa watu wengine. Mwaka 2013 Gardner mwenyewe aliandika kwamba akili nyingi na mitindo ya kujifunza si kitu kimoja.

Tena kugawa makundi kwa mitindo kuna tatizo kubwa zaidi. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, wakaona hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtoto "wa macho" anafaulu zaidi akifundishwa kwa macho. Halafu jiulize: mtoto "wa masikio" katika kuchora utampa nini, redio?

#6 Choki Nyeupe
Mkuu, miaka yote nafundisha kwa makundi na watoto wanaelewa. Hao waliopitia tafiti wamewahi kuingia darasa la watoto 80?

#7 Kaka Mkuu Mstaafu
Choki Nyeupe aliandika: *"miaka yote nafundisha kwa makundi na watoto wanaelewa"*

Pengine wanaelewa kwa sababu unawaonyesha, unawaeleza, na unawapa washike. Yaani wote wanapata vyote vitatu.

#8 Choki Nyeupe
Ndicho nilichosema, au?

#9 Kaka Mkuu Mstaafu
Sicho, ila twende tu.

#10 Mama Mapacha
Naandika kama mzazi. Nina mapacha, mmoja ana usonji, amepimwa. Udongo kwake ulikuwa vita. Mwalimu wake wa awali akatia udongo laini ndani ya mfuko wa plastiki mzito, akaufunga vizuri, mtoto akawa anauminya kwa nje. Baada ya muda akaanza kuugusa kwa ncha ya kidole. Wengine hawafiki hapo, na si lazima wafike. Kitu kingine, ratiba ya michoro: picha ya kukaa, picha ya kupaka rangi, picha ya kunawa mikono. Anayekimbilia mlangoni mara nyingi hajui hii shughuli itaisha lini.

Yule pacha mwingine hana shida yoyote, lakini alichora kuku na mayai yanaonekana ndani ya tumbo. Mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu "kuku gani huyu?" Mtoto hakuchora tena mpaka likizo.

#11 Msomaji Mkimya
Mama Mapacha, huyo kuku ni mzima kabisa. Viktor Lowenfeld, Mwaustria aliyefundisha sanaa watoto wasioona Vienna kabla ya kukimbia nchi yake mwaka 1938 na baadaye kufika Marekani, alieleza hatua za uchoraji wa watoto. Kati ya miaka 7 na 9 hivi mtoto huchora anachokijua kuliko anachokiona: mayai ndani ya kuku, watu ndani ya nyumba isiyo na ukuta, kila kitu kimesimama kwenye mstari mmoja wa ardhi. Huo ndio umri wa Darasa la Tatu la mleta mada.

Na Lowenfeld alisema jambo jingine linaloingia hapa. Kwake kuna watu wanaoanza na macho, na kuna wanaoanza na mwili, mguso na hisia, *hata kama macho yao ni mazima*. Wa pili akichora mtu aliyebeba ndoo, mikono inakuwa mikubwa kuliko kichwa, maana ndiko uzito uliko.

#12 Choki Nyeupe
Kwa hiyo aina za wanafunzi zipo. Asante kwa kuniunga mkono.

#13 Msomaji Mkimya
Sijakuunga mkono. Lowenfeld alieleza namna watu wanavyotengeneza picha. Hakusema wagawe viti.

#14 Mwl. Kitengo
Habari zenu. Nilisomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi, nipo kitengo cha wasioona na uoni hafifu. Naacha nadharia, naweka ya mikono.

Binti mwenye ualbino. Usimweke dirishani hata kama unadhani kuna mwanga mzuri, mwanga unamuumiza. Akae karibu na ubao, mgongo kwenye dirisha. Karatasi nyeupe inayong'aa itupe, tumia karatasi ya kaki ya kufunikia madaftari, kalamu nene nyeusi. Ukipata karatasi nyeusi mpe chaki nyeupe, utashangaa. Na kushika kazi puani usimkataze, hapo ndipo anapoona.

Kwa asiyeona kabisa, kata kipande cha wavu wa waya wa kuzuia mbu dirishani, ukibandike juu ya kadibodi ngumu, kingo zifunge kwa selotepu pana zisichome vidole. Juu yake weka karatasi, mtoto achore kwa krayoni akikandamiza. Mstari unatoka na vinundu, anaufuata kwa kidole mwenyewe. Gharama yake ni mabaki ya fundi wa madirisha.

Njia nyingine ni gundi nyeupe ya mbao: unachora mstari kwa gundi, unamwagia mchanga uliochekechwa, unaacha ukauke. Hii ni ya mwalimu kuandaa jana yake. Watoto wakiifanya wenyewe mtalala hapo mkisubiri ikauke.

Ukiwa na kile kigurudumu cha meno cha fundi cherehani, weka karatasi juu ya mpira laini, pitisha kigurudumu, unapata mstari wa nukta kama nukta nundu. Chora ramani, chora ua, chora chochote, mpe mtoto aguse.

Mkono uliokaza: bandika karatasi mezani pembe zote nne. Penseli au brashi ichomeke kwenye gunzi la hindi, au izungushie mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka iwe nene. Ule mkono mzito usiusahau, upe kazi ya kukandamiza karatasi, hata kwa kiwiko. Na krayoni zilizokatika ni nzuri kuliko nzima, kipande kifupi kinalazimisha vidole vishike vizuri.

Wanaoelewa taratibu: kazi ya hatua sita usianze naye hatua ya kwanza. Fanya wewe tano, ya sita amalizie yeye. Wiki nyingine amalizie mbili za mwisho. Kila siku anaondoka na kazi iliyokamilika kwa mkono wake.

#15 Fundi Bango
Mwl. Kitengo umeupiga mwingi. Ila sahihisho dogo la kifundi. Kigurudumu kikipita juu, vinundu vinatokea upande wa chini wa karatasi. Ukigeuza ili aguse, kushoto kumekuwa kulia. Ua halina neno, lakini ramani ya Tanzania utamwambia Bahari ya Hindi iko upande wa Kigoma. Chora kinyume kwanza. Sisi tunaoandika vioo vya mabasi kwa ndani tunalijua hilo vizuri.

#16 Mwl. Kitengo
Kweli kabisa, ndivyo tunavyofanya, nilikuwa napunguza maneno. Wavu ndio haugeuzi, mstari unatoka juu.

#17 Kaka Mkuu Mstaafu
Bahari ya Hindi Kigoma 😂😂 Simba na Yanga waende kupunga upepo huko.

#18 Dada Alama
Nimeona huyo mvulana asiyesikia amepitwa. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama.

Mwalimu, kosa linalorudiwa kuliko yote ni kusema huku umeugeukia ubao. La pili ni kutoa maelekezo watoto wakiwa wanachora. Asiyesikia hawezi kukuangalia wewe na kuangalia mkono wake kwa wakati mmoja. "Chovya brashi, sasa pindua karatasi, sasa nyunyiza": wenzake wamefika mwisho, yeye bado anainua kichwa kutafuta nini kimetokea. Brashi zikae chini. Onyesha kazi mwanzo mpaka mwisho bila haraka. Kisha waanze.

Na ile sehemu ya kuongelea picha, "umechora nini, kwa nini", usimruke. Huwa wanamruka, wanamsifia kwa kidole gumba, basi.

#19 Kaka Mkuu Mstaafu
Lakini viziwi wamejaliwa kuchora, hilo halina ubishi. Mungu akifunga mlango huu anafungua ule. Tulikuwa naye mmoja mtaani, anakuchora dakika mbili unajiona.

#20 Dada Alama
Nimekaa na viziwi nusu ya maisha yangu, wapo wanaochora vibaya kama wewe.

Kinachotokea ni hiki: shule haina anayejua alama, mtoto anaingia hajui kinachosemwa, anapewa karatasi achore ili atulie. Anachora kutwa, mwaka mzima. Ungemfanyia hivyo mtoto yeyote angejua kuchora. Halafu mnaita kipaji, mkitoka hapo hakuna anayeuliza kama ameshajua kusoma.

#21 Msomaji Mkimya
Kidogo tu kwenye #19. Utafiti upo unaoonyesha kwamba viziwi wengi wanaotumia alama hugundua haraka zaidi kitu kinachosogea pembeni mwa macho. Hiyo ni makini ya macho. Sijaona ikigeuka kuwa mkono wa kuchora.

#22 Tumbo la Shule
Dada Alama nakuelewa, lakini mimi nina upungufu wa usikivu tangu utotoni, na kuchora ndiko kulikoniokoa. Ndilo somo pekee nililokuwa sawa na wenzangu. Kwa hiyo hata kama nilipewa karatasi ili nitulie, siwezi kuichukia ile karatasi. Yote mawili ni kweli kwangu.

#23 Dada Alama
Nimekusikia, ndugu yangu. Nilichokuwa napinga ni kuishia hapo.

#24 Choki Nyeupe
Turudi kwa yule wa majani ya kahawia. Mbona rahisi? Hana uwezo wa kutofautisha rangi. Kijani na kahawia kwake ni kimoja. Ni ya kurithi, inakaa kwenye kromosomu X, ndiyo maana wavulana ndio wengi. Mpeleke akapimwe kwa zile karatasi za vidoti za Ishihara, daktari wa Kijapani aliyezitoa 1917. Na kumkemea uache.

#25 Mkulima wa Kibaigwa
Mwalimu yuko Dodoma. Mwezi wa nane mpaka wa kumi majani ya Dodoma yana rangi gani? Mtoto anachora anachokiona, nyinyi mnamtafutia ugonjwa.

#26 Fundi Bango
Mimi nina jibu la tatu. Boksi la krayoni ni moja, watoto 80 na ushee, wote wamechora mti. Kijani ilikwisha ya kwanza. Aliyekaa nyuma anapata kahawia.

#27 Mwalimu wa Zamu
Aisee. Fundi, anakaa nyuma kweli. Lakini hata nikimletea kijani mkononi ananiuliza "ndiyo hii?" Kwa hiyo Choki naye ana hoja. Na mwezi uliopita ulikuwa wa ukame. Sasa nimebaki na majibu matatu.

#28 Mwl. Kitengo
Usisubiri jibu. Chonga alama kwenye kila krayoni, mkato mmoja kijani, miwili nyekundu, mitatu kahawia. Kama haoni tofauti itamsaidia, kama anaiona haitamdhuru. Asiyeona pia ataitumia.

#29 Kiganja Kushoto
Mmetaja wote, sisi wa mkono wa kushoto hatumo. Mimi nilifungwa kitambaa mkono darasa la kwanza ili nitumie wa kulia. Leo nikichora duara linatoka yai.

Kwa walimu: anayetumia kushoto akichora kwa mkaa anaufuta kwa kiganja chake mwenyewe, maana mkono unapita juu ya alichokwisha chora. Mwambie aanzie upande wa kulia wa karatasi. Kwenye kukata, mkasi wa mtu wa kulia unalizunguka umbo kinyume cha saa, wa mtu wa kushoto unalizunguka kufuata saa, usimlazimishe. Na akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigongane.

#30 Bibi wa Ukili
Wanangu, mie niko Pemba, mjukuu ndiye ananiandikia. Mwatafuta mbali. Ukili tunasuka usiku umeme umekatika, twapiga soga, hakuna anayeangalia vidole. Tuna jirani haoni tangu mtoto, ukili wake umenyooka kuliko wa wenye macho. Mpeni mtoto ukindu. Asiyeona asuke, mwenye macho atie rangi, mwengine ashone mkeka. Mbona kila sanaa kwenu ni kalamu?

#31 Kaka Mkuu Mstaafu
Shikamoo bibi.

#32 Bibi wa Ukili
Marhaba, mwanangu. Na wewe sema ulimchekea nani darasani.

#33 Kaka Mkuu Mstaafu
😶

#34 Mwalimu wa Zamu
Shikamoo bibi. Huku ukindu sina, lakini miaa inapatikana sokoni. Sikuwaza kabisa kwamba kusuka kunaweza kuwa somo la kila mtu badala ya la "wale wasioweza".

#35 Jirani wa Thika
Hamjambo wa Bongo. Huku Kenya tangu mtaala wa umilisi uanze rasmi 2019 tumepitia haya yote, na nawaonya jambo moja. Kazi za sanaa zikipelekwa nyumbani, anayezifanya ni mzazi. Saa nne usiku unakata maboksi, mtoto amelala. Asubuhi mwalimu anasifu kazi safi. Mtoto ambaye mama yake hana manila wala gundi anaonekana hana ubunifu. Mnasema ulemavu, mimi nasema pesa ndiyo inayogawa watoto. Mwenye uoni hafifu wa mzazi tajiri ana kila kitu.

#36 Mama Mapacha
Jirani, mwanangu wa usonji nilikuwa na pesa na bado darasa lilimshinda, kelele tu. Si kila kitu ni pesa.

Halafu kwa Mwalimu wa Zamu, badala ya udongo jaribu donge la unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji, ukande. Haunati mkononi kama udongo, hauna harufu. Wanangu wote wawili wanaupenda.

#37 Mkulima wa Kibaigwa
Unga? Watoto wanaofika shule bila uji, uwape unga wachezee na kuutupa? Mzazi akisikia atakuja shule na jembe. Chukua udongo wa kichuguu, mchwa wameshauchambua, ukatwange, uloweke.

#38 Mama Mapacha
Niliongea kuhusu mtoto mmoja ambaye hagusi udongo. Kikombe kimoja cha unga hakiwezi kulisha shule.

#39 Mkulima wa Kibaigwa
Mtoto aliye na njaa hatazami kikombe kimoja au viwili. Anatazama unga unaminywa.

#40 Mjukuu wa Mfinyanzi
Naomba nipite katikati. Kwetu ni Matema, Ziwa Nyasa, bibi zetu Wakisi ndio wafinyanzi. Hawatumii gurudumu la kuzungusha, chungu kinazungushwa kwa mikono, kwa hiyo hata bibi ambaye macho yameshakwisha anaendelea, anasoma unene wa ukuta kwa vidole. Udongo wa kichuguu unafaa, ila peke yake unapasuka ukikauka. Changanya mchanga laini kidogo, na kazi za watoto zisizidi unene wa kidole. Kama hamchomi, waambieni mapema kwamba kitavunjika, wasije kulia.

Kuhusu unga siingii.

#41 Mtanzania wa Columbus
Salaam kutoka Ohio. Huku kwa sheria, tangu 1975, mtoto mwenye ulemavu ana mpango wake wa maandishi wa kujifunza, na mwalimu wa sanaa ana wajibu wa kuufuata. Mwanangu ana mkasi unaojifungua wenyewe kwa springi, ana ubao wa mteremko, ana msaidizi. Sijui kwa nini Afrika tunashindwa na vitu vidogo hivyo.

#42 Fundi Bango
Mkuu, darasa la mwanao lina watoto wangapi?

#43 Mtanzania wa Columbus
22. Lakini hoja ni mfumo.

#44 Fundi Bango
Tutumie huo mkasi basi.

#45 Mwl. Kitengo
Tusimcheke sana. Ubao wa mteremko ni kipande cha mbao na tofali moja. Wa uoni hafifu utamwondolea maumivu ya shingo. Hatuhitaji kuutoa Ohio.

#46 Fundi Bango
Mleta mada, nikupe somo la kipindi kizima. Tingatinga. Edward Said Tingatinga alianza na vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akafariki 1974, na mpaka leo vijana wanakula kwa staili yake. Kwanza unapaka rangi moja nyuma yote. Kisha mnyama mmoja mkubwa, mstari mnene. Kisha vidoti. Uoni hafifu anaona kwa sababu ya mstari mnene na rangi kali. Mkono uliokaza unapiga vidoti kwa gunzi. Anayehesabu ahesabu vidoti, atatulia. Na twiga wa Tingatinga hafanani na twiga wa mbugani, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

#47 Msomaji Mkimya
Alifariki 1972, si 1974. Alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwingine. Mengine yote sawa.

#48 Fundi Bango
1972, nimepokea. Wewe ukifa nani atatusahihisha?

#49 Choki Nyeupe
Wote mmesema vizuri lakini hakuna aliyegusa alama. Mdhibiti ubora akija anataka kuona alama. Huyu amesuka, huyu amepiga vidoti, huyu ameminya mfuko, huyu amechora chungu. Utawasahihisha kwa kipimo gani? Ukiwapa wote 10, si umewadanganya?

#50 Mwalimu wa Zamu
Nimeanza hivi: kabla ya kuanza, mtoto ananiambia au ananionyesha anataka kutengeneza nini. Mwishoni naangalia amefika wapi kutoka alipoanza, na kama amejaribu njia ya pili ya kwanza iliposhindikana. Kufanana na ubao hakuna alama. Asiyesikia ananionyesha kwa picha ya awali. Kwa watoto 80 nafanya safu moja kila wiki, siwezi zaidi ya hapo.

#51 Choki Nyeupe
Na aliyekuambia anatengeneza mpira wa udongo, akatengeneza mpira wa udongo? 10?

#52 Mwl. Kitengo
Inategemea ni nani. Kwa mmoja wangu mpira ni kazi ya muhula.

#53 Choki Nyeupe
Kwa hiyo kila mtoto na mtihani wake. Hiyo si tathmini, hiyo ni huruma.

#54 Dada Alama
Na kumpa kiziwi maelekezo ya mdomo halafu 2 kati ya 10 ni tathmini ya nini?

#55 Jirani wa Thika
Huku tuna viwango vinne badala ya alama: anazidi matarajio, anatimiza, anakaribia, chini ya matarajio. Wazazi wanauliza tu, "anakaribia ni ngapi?"

#56 Kaka Mkuu Mstaafu
😂 Ni 6.

#57 Mtanzania wa Columbus
Nimeuliza bei ya ile mikasi ya springi. Nikisafiri Desemba naweza kubeba michache. Mwalimu nitumie ujumbe binafsi.

#58 Kiganja Kushoto
Ukibeba, beba na ya kushoto. Nimezunguka Kariakoo, kila muuzaji ananiambia "chukua huu, ugeuze tu". Mkasi ukiugeuza visu vinageuka navyo, cha juu kinabaki upande uleule. Bado unakuziba mstari unaoukata.

#59 Fundi Bango
Subiri, nina mkasi hapa, ngoja nijaribu.

#60 Fundi Bango
Kweli bwana.